Waipa Bila Mvua

Chupa kubwa ya maji jikoni ilibubujika mara moja gizani, ikanyamaza. Inspekta Rahaf aliisikia akiwa kitandani. Ni mama yake, ameamka kunywa maji kabla ya adhana. Akajigeuza, akajiambia bado ana muda wa kulala. Simu ikamkatalia.

"Al Qusais, upande wa maghala," sauti ya kituo cha polisi cha Dubai ilisema. "Gari na baiskeli. Mmoja amekufa. Dereva yupo, hajakimbia. Mtanzania. Kiingereza kimempotea kabisa, na tumeambiwa wewe unaijua lugha yake."

"Ni lugha ya mama yangu," Rahaf alisema, huku mkono ukitafuta soksi chini ya kitanda.

Mtoto wake alikuwa amelala kwa kukingama, mguu juu ya tumbo la Rahaf. Aliuondoa taratibu, akauweka juu ya mto, akatoka.

Mwili ulikuwa kando ya barabara ya huduma, mbele ya ghala la mabomba. Mwanamume wa makamo, sare ya mlinzi, kofia imeruka mbali. Baiskeli ilikuwa imejikunja kama hanga la nguo. Taa yake ndogo ya nyuma ilikuwa bado inamweka nyekundu, inazima, inawaka, kana kwamba haijapata habari.

"Zedekiya," askari wa doria alisoma kwenye kitambulisho. "Mganda. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, anarudi bweni la kampuni yao."

Dereva alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mikono katikati ya magoti. Alisimama alipomwona Rahaf, akashangaa kusalimiwa kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiunguja cha zamani, kile ambacho mama yake Rahaf alikuja nacho utotoni na hakikutoka tena nje ya nyumba yao.

"Jina lako nani?"

"Deus, afande."

"Wa wapi?"

"Bukoba. Hapa naishi Al Nahda."

"Gari la nani?"

"Langu."

"Aliyeendesha nani?"

"Mimi."

Alijibu kabla swali halijatua.

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Hapo kwenye dobi kubwa, lile la hoteli. Nimetoka, nikaingia barabarani, nikamgonga. Sikumwona. Nimepiga simu mwenyewe. Sijakimbia."

"Pole," Rahaf alisema. Alikuwa amelisema neno hilo kwenye barabara nyingi, lakini kila mara alilisema kwa dhati.

"Afande, naomba niulize."

"Uliza."

"Bima italipa?"

"Ilipe nini? Gari lako?"

"Gari liende tu. Familia ya huyu kaka. Bima itailipa familia yake?"

Rahaf alimtazama vizuri. Barabarani watu humuuliza: nitafungwa? Nitarudishwa kwetu? Kazi yangu je? Hakukumbuka mtu aliyeanza na maiti.

"Leseni yako i hai, bima yako i hai," alisema, akiligeukia gari. "Italipa."

Deus alifumba macho. Mabega yakamshuka.

Rahaf alilizunguka gari. Jeupe, dogo, la Kijapani, taa ya mbele imevunjika. Dhoruba ya mchanga ya mchana uliopita ilikuwa imelifunika lote, boneti hadi buti. Lote, isipokuwa kioo cha mbele. Hapo palikuwa na nusu duara mbili safi, zimechorwa ndani ya vumbi.

Alipitisha kidole. Pakavu.

"Jana ilinyesha?" alimuuliza mpiga picha.

Mpiga picha akacheka bila kuondoa jicho kwenye kamera. "Inspekta, mwezi wa sita? Labda ulinyeshewa ndotoni."

"Piga na hiyo," Rahaf alisema.

*

Kituoni, Nakibu Taib, mkuu wake, alikuwa ameshaagiza chai.

"Yalla, Rahaf, hii kesi iishe kabla vikombe havijapoa," alisema. "Dereva amekiri. Leseni anayo. Bima anayo. Marehemu alikuwa na taa na alikuwa upande wake, kwa hiyo kosa lote ni la mwenye gari. Andika, tia saini, khalas. Sisi tukishaandika, kampuni inalipa dia, fidia ya damu, ndugu wanapata haki yao. Kuna ubaya gani?"

Hapakuwa na ubaya. Hiyo ndiyo kazi yao. Bima hapa haisikilizi kilio. Inasubiri karatasi ya polisi inayosema kosa ni la nani, ndipo inafungua mkoba. Rahaf alitaka sana kuandika. Macho yalikuwa yanamchoma.

"Kosa ni la mwenye gari," alisema. "Lakini la nani ndani ya gari?"

Taib akaweka kikombe chini. "Usinianzie, binti."

Rahaf akamwonyesha picha za kamera ya ghala. Hazikuonyesha nyuso. Zilionyesha gari jeupe likitoka kwenye njia ya dobi, waipa zikienda na kurudi kwenye kioo kikavu, kisha gari linakata, linaingia barabarani, linashika upande wa kushoto. Kushoto, kama lina haki napo, katika mji ambao magari hupita kulia. Halikuyumba wala halikwenda kasi. Baiskeli ikaja upande wake halali. Baada ya hapo gari likasimama nje ya jicho la kamera, na hakuna kilichoonekana tena ila vumbi.

"Alisinzia," Taib alisema.

"Mwenye usingizi huyumba. Huyu amepinda vizuri, kwa adabu, akaenda upande usio wake." Akasogeza karatasi ya pili. "Na hii ya daktari. Deus ana alama ya mkanda. Inaanzia bega la kulia."

Taib aligusa bega lake la kushoto, pale mkanda wa dereva unapopita katika magari ya Dubai. Akagusa la kulia. Akanung'unika kitu kwa Kiarabu.

"Abiria," alisema.

"Abiria."

"Na ukilithibitisha hilo, marehemu atafufuka?"

"Hasha."

"Basi fikiri vizuri. Nje pale kuna dada yake."

Dada wa marehemu aliitwa Barbara. Alikuwa msafishaji wa vyumba katika hoteli moja Bur Dubai, na alikuja na sare yake, kitambulisho kikining'inia shingoni. Aliposimama, alisimama kama mtu anayeogopa kuchafua kiti.

"Nyabo, Kiswahili yangu si nzuri," alisema. "Utanisamehe."

"Chako na changu vitaelewana. Kaa, dada yangu."

"Zedekiya ana watoto watatu. Mama yao alikufa. Wako Masaka, kwa jjajja wao, na yule mzee hana nguvu. Watu wananiambia hii mambo ya bima inaweza kukataa. Ati wakipata kosa kidogo tu, wanakataa. Ni kweli?"

"Nani anakwambia?"

"Watu. Wote wanasema."

"Nipe muda kidogo."

"Mimi nina muda," Barbara alisema, akaketi tena kwenye benchi la korido. "Leo nimeambia supavaiza, kama anataka kunifukuza, anifukuze."

*

Deus alikuwa amekunywa maji yote aliyopewa, na sasa alikuwa anaizungusha bilauri tupu mezani.

"Umeendesha hapa muda gani?" Rahaf aliuliza.

"Miaka minane. Gari la mizigo la kampuni. Waulize. Sijawahi hata kukwaruza kioo cha pembeni."

"Miaka minane. Halafu unatoka njia ya dobi, unashika kushoto. Kwa nini?"

"Usingizi, afande."

"Na waipa?"

"Waipa gani?"

"Za kioo. Zilikuwa zinafanya kazi."

"Nilikuwa... nilitaka kusafisha kioo. Vumbi."

"Kwa maji?"

"Ndiyo. Na maji."

"Kioo hakikuguswa na tone, Deus. Nimekipapasa mwenyewe."

Deus akaisimamisha bilauri.

"Pale dobi ulifuata nini?"

"Nilipita tu."

"Mtu hupita tu kwenye dobi lililo mwisho wa njia isiyotokea popote?"

"Afande, mimi ndiye. Andika mimi. Kwani kuna tabu gani? Nimekubali."

"Wewe bwana, katika kazi hii nimekutana na watu wengi wakinambia si wao. Wewe wa kwanza kunishurutisha."

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Nionyeshe mkanda wako ulipita wapi."

Mkono wa Deus ulipanda kuelekea bega la kulia, ukasita hewani, ukavuka kwenda la kushoto. Alipoona Rahaf ameufuata mkono ule kwa macho safari nzima, aliushusha juu ya meza kama kitu kisicho chake.

"Ukiandika mtu mwingine," alisema kwa sauti ndogo, "watoto wa yule kaka watakula nini?"

"Mtu mwingine nani?"

Deus aligeuza uso. Alijibu kila swali baada ya hapo kwa kutazama ukuta.

Rahaf alifungua jalada la ukaazi wake. Mke, Martina. Mfanyakazi wa dobi la hoteli, Al Qusais, zamu ya usiku. Mtoto mmoja, Anna.

Alilifunga. Kwa muda alikaa na kiganja juu ya jalada. Angeweza kumwita Taib, akasema khalas.

*

Jengo lilikuwa upande wa Al Nahda unaopakana na Sharjah, na lifti yake ilinuka vitunguu vya nchi tano. Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyefunga taulo kichwani, ufagio mkononi.

"Wee! Polisi?" alisema. "Madam, mimi visa yangu iko sawa. Ngoja nikuletee. Niko na kopi na orijino."

"Sikutafuti wewe. Jina lako nani?"

"Milly. Wa Nakuru. Kama si mimi, basi karibu, lakini vua viatu. Leo ni zamu yangu ya kupiga deki na nishamaliza."

Rahaf alivua viatu. Sebule ilikuwa imekatwakatwa kwa mbao laini kuwa vyumba vinne, kila kimoja na pazia lake.

"Martina yupo?"

"Ako huko mwisho. Hajalala, hajakula. Tangu arudi na taksi ni kulia tu, na mimi nikiuliza anasema ni kichwa."

"Amerudi na taksi?"

Milly akajiziba mdomo kwa kiganja. "Ngai. Huu mdomo wangu."

"Siku nyingine hurudi na nini?"

"Deus humchukua na gari. Hiyo saa hakuna metro. Na mtoto wanambeba akiwa amelala, juu ya vile sisi wote tuko kazini. Sasa amwachie nani?" Akashusha sauti. "Madam, hao ni watu wazuri. Tafadhali. Mimi sijasema kitu."

Nyuma ya pazia la mwisho palikuwa na kitanda kimoja kikubwa, jiko dogo la umeme, na mwanamke kijana aliyevaa bado sare ya bluu ya dobi. Mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa kitandani na bakuli la uji.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Anna."

Simu ya Rahaf ikatetemeka. Taib. "Umefika? Kuna mtoto hapo, jalada linasema. Kama alikuwa kwenye gari, muulize yeye. Watoto hawajui kuficha. Swali moja tu, turudi nyumbani."

"Hapana," Rahaf alisema kwa Kiarabu. "Simfanyi mtoto shahidi wa mama yake." Akakata.

Akaketi kwenye kona ya kitanda. Hapakuwa na kiti.

"Martina, kwenu uliwahi kuendesha gari?"

Martina alitazama mikono yake. Ilikuwa imekauka na kupauka kwa sabuni. "Niliendesha gari la shule. Bukoba. Asubuhi na jioni, na mvua za kwetu, na ile milima. Wazazi walikuwa wanasema, mtoto akiwa na Martina nalala." Akaikunja mikono ile. "Leseni ya hapa sina. Ada za mafunzo hatujaweza."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda taksi."

"Kutoka dobi?"

Martina akamfuta Anna uji kidevuni.

"Sitakuuliza mengine mbele yake," Rahaf alisema, akimwashiria Anna kwa kidevu. "Twende kituoni. Mtoto usimwache, njoo naye."

"Nitarudi?"

Rahaf alizoea kuwaambia watu ndiyo. "Sijui," alisema.

Martina akachukua viatu vya mtoto chini ya kitanda, akamvalisha, akafunga kamba mara mbili mbili, akalainisha soksi. Alifanya polepole sana, na hakuna aliyemharakisha.

*

Kwenye korido ya kituo Anna aliketishwa kwenye benchi. Askari wa mapokezi alimpa pakiti ya biskuti. Barbara, aliyekuwa mwisho wa benchi hilohilo, alimwona anahangaika na karatasi ngumu, akaichana kwa meno, akamrudishia.

"Sema asante," alimwambia.

"Asante."

Rahaf akamchukua Martina uani, kwenye gari la polisi lililokuwa limeegeshwa kivulini. Akamfungulia mlango wa dereva.

"Kaa."

"Afande, mimi sina leseni..."

"Haliendi popote. Injini nimezima, umeme tu ndio umewaka. Kaa."

Martina akakaa. Alivuta kiti mbele, akaweka mikono kwenye usukani, na mgongo wake ukanyooka. Ulikuwa mgongo wa mtu anayeijua kazi yake.

"Umetoka njia ndogo," Rahaf alisema, amesimama dirishani. "Unataka kukata kuingia barabara kubwa. Waonyeshe madereva wenzako unakokwenda."

Mkono wa kulia wa Martina ulikwenda wenyewe. Haukuuliza. Ulikwenda kwenye kile kijiti cha upande wa kulia wa usukani, pale indiketa inapokaa katika kila gari alilowahi kuliendesha nyumbani, ukakisukuma.

Waipa zikaanza. Krrr. Krrr. Kwenye kioo kikavu, zikikwaruza.

Martina alizitazama. Zilikwenda, zikarudi. Hakunyoosha mkono kuzizima. Akaegemeza paji la uso juu ya usukani.

"Hata usiku zilifanya hivi," alisema. "Nikashtuka. Nikawa natafuta kuzizima. Nikatazama upande wa kwetu, hakuna gari. Nikashika upande wa kwetu."

Rahaf alipitisha mkono dirishani, akazima waipa. Mjomba wake alipokuja kutoka Unguja na kuazima gari, alizunguka mtaa mzima vile vile, akiwapungia watu waipa, na nyumba nzima ilicheka wiki nzima.

*

Aliwaweka wote wawili katika chumba kimoja. Taib alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nimesema, Deus," Martina alisema.

Deus akashika kichwa. "Kwa nini, mke wangu? Tulikubaliana nini?"

"Mkono umesema kabla yangu."

"Anza mwanzo," Rahaf alisema. "Kwa nini ulishika usukani?"

"Yeye alikuwa amelala," Martina alisema. "Alifika dobi, akasimamisha gari, nikamkuta amelalia usukani. Alikuwa amebeba mizigo tangu alfajiri ya jana, mwenzake alikuwa mgonjwa. Nikamwamsha. Akasema niko sawa, akawasha gari, macho yakafumba tena. Na mtoto yuko nyuma. Nikasema shuka, Deus, utatuua. Mimi angalau niko macho."

"Na wewe ukampa ufunguo," Rahaf alimwambia Deus.

"Nikampa. Nilijua hana leseni ya hapa. Ni mwendo mfupi. Nikafunga mkanda upande wa pili, nikalala. Nimekuja kushtuka na kishindo."

"Halafu?"

"Nikashuka. Nikaona. Martina alikuwa kule chini barabarani. Nikapiga simu polisi, halafu nikamsimamisha, nikamwambia chukua mtoto, nenda kapande taksi. Hakutaka. Nilimsukuma, afande. Kweli nilimsukuma."

"Ili asifungwe."

"Hilo lipo," Deus alisema. "Sitakudanganya. Mtoto anamhitaji mama. Lakini hata ningesema nifungwe mimi badala yake tu, yeye asingekubali. Alikubali kwa ajili ya bima."

"Bima imefanya nini?"

Martina ndiye aliyejibu. "Afande, asiye na leseni akiua mtu, bima haitoi. Kila mtu anajua. Pale tunapoishi, kwenye magrupu ya simu, dobi, kote. Wanasema kampuni inakwambia hilo si letu, na dia unadaiwa wewe. Mimi nafua mashuka. Nitalipa lini? Yule kaka wa watu, alikuwa na sare, ni mtu wa kutegemewa nyumbani kama sisi. Lazima ana watoto. Deus akasema: nikiwa mimi dereva, mimi nafungwa, lakini wao wanalipwa. Ukiwa wewe, unafungwa na wao wanakosa. Tukaona tuwape wao."

Taib aliuliza wamesema nini. Rahaf akamfasiria. Taib akaacha kuegemea mlango.

"Mwambie," alisema taratibu. "Mwambie ukweli wa sheria."

Rahaf alivuta kiti karibu. Alijisikia mzee.

"Nisikilizeni vizuri. Bima ya gari hapa, kwanza kabisa, ni ya yule aliyegongwa. Dereva akiwa na leseni au hana, kampuni inawalipa ndugu wa marehemu. Haiwezi kuwaambia hilo si letu. Ikishawalipa, ndipo inamgeukia mwenye gari na dereva: ninyi mmevunja masharti, nirudishieni changu. Inawadai ninyi. Wale inawalipa."

Deus alimtazama mkewe.

"Kwa hiyo wangelipwa," Deus alisema. "Hata tungesema kweli."

"Hata mngesema kweli pale pale barabarani. Na ninyi mlikuwa karibu kuwazibia. Kampuni ina wachunguzi wake. Wangeiona kamera ile ile niliyoiona, waipa zile zile. Wangesema dereva ni wa uongo, wakakimbilia mahakamani, na malipo yangesimama huko. Watoto wale wangekuwa wanasubiri mpaka waote ndevu."

"Mimi nilikuuliza," Deus alisema. Sauti yake haikuwa ya lawama. "Pale barabarani. Nilikuuliza kama italipa. Ukasema leseni i hai, bima i hai, italipa. Nikajua kumbe ni kweli wanavyosema. Ni leseni."

Rahaf alikumbuka alivyojibu, haraka, mgongo umeshageukia gari.

"Ulisikia hivyo," alisema.

"Nilisikia hivyo."

Martina alifuta uso kwa ncha ya mkono wa sare. "Sasa inakuwaje?"

"Wewe utasimama mbele ya hakimu kwa kifo na kwa kuendesha bila leseni ya hapa. Deus kwa kutoa gari na kwa kunidanganya. Nitaandika kwamba mlipiga simu polisi, na kwamba mmesema wenyewe. Nitaandika na sababu, yote, kama mlivyoisema. Hakimu ataisoma. Leo Deus ataenda nyumbani na mtoto. Hilo Nakibu ameliridhia, sivyo, Nakibu?"

Taib, ambaye hakuulizwa kwa lugha anayoijua, alimtazama usoni, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Na lile deni la kampuni?" Deus aliuliza.

"Litakuja. Litakaa na ninyi muda mrefu."

"Lakini wao watapata."

"Watapata."

Martina akatikisa kichwa, mara kadhaa, kama anayekubali bei. "Basi afadhali," alisema. "Ningelala vipi?"

*

Koridoni, Anna alikuwa ameegemea ubavu wa Barbara. Barbara alikuwa anazichambua nywele za mtoto kwa vidole, mistari miwili iliyokuwa imefumuka, anaisuka upya bila kuitazama. Aliinuka nusu alipomwona Rahaf.

"Nyabo. Wamesema?"

"Wamesema. Aliyeendesha ni mwanamke. Hakuwa na leseni ya hapa. Mumewe alitaka kuubeba mzigo."

"Na watoto wa Zedekiya?"

"Watalipwa. Kampuni inawalipa wao kwanza. Hakuna wa kukataa sasa, nimeshaandika."

Barbara alivuta pumzi ndefu. Kisha macho yake yakaenda kwenye mlango ambao mtoto alikuwa anauangalia muda wote, yakarudi kwa mtoto.

"Huyu ni wao?"

"Wao."

Vidole vikasimama katikati ya msuko. Rahaf akasogea hatua moja, tayari kumchukua mtoto. Barbara akatikisa kichwa. Vidole vikaendelea, polepole, mpaka mwisho wa msuko, vikafunga kifundo.

"Swali ya pesa nimemaliza," Barbara alisema. "Nimebaki na moja. Hiyo nitaambia mama yangu nini. Alikufa peke yake? Kwa barabara, na giza, bila mtu?"

Rahaf alifungua jalada. Upande wa barabara ulikuwemo. Mkanda ulikuwemo, na kioo, na kamera, na sheria. Aligeuza ukurasa, akageuza tena. Katika maswali yote aliyouliza tangu alfajiri, hilo hakuliuliza.

Anna alimeza biskuti, akainua uso kumtazama Barbara.

"Mama alimshika mkono yule anko mpaka akalala."